Laptopu ya Usharika na Akina Mama wa Sauti ya Pili

Mwezi uliopita nilikutana na Zuhura kwenye harusi ya binti yake, mtaa wa Sokon One, baada ya miaka mingi ya kusikilizana kwa simu tu. Nilimkuta uani, amejifunga khanga juu ya gauni la sherehe, anakagua masufuria ya pilau kana kwamba wapishi wamemficha nyama. Aliponiona alitupa mwiko, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, kisha akanishika mkono na kunipitisha kwa wakwe zake wapya. "Huyu anaitwa Anande," akawaambia. "Mnamwona na mvi zake na mkoba wake wa kiheshima, lakini huyu ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akifungua laptopu kwa bisibisi na ikawaka tena." Wakwe wakacheka kwa adabu, maana hawakuelewa kinachochekesha. Mimi nilicheka kwa sababu bisibisi ilikuwa yake, na hofu yote ilikuwa yangu.

Tulikula tukikumbushana, yeye akiongeza hiki na mimi nikikataa kile, na wakati naaga nilikuwa nimeshaamua kuuandika mwaka ule kabla watu hawajabaki na masimulizi ya Zuhura peke yake, maana yeye chumvi hapimi. Ya utoto na ya wazazi wangu nitayaacha. Naanzia pale nilipokuwa binti wa miaka ishirini na ushee, nimepanga chumba Sokon One, mlango wangu ukitazamana na wa Zuhura. Yeye asili yao ni Kondoa na alikuwa muuzaji katika duka moja la kompyuta mjini. Mimi nilikuwa karani wa usharika wetu wa Kilutheri huko Nduruma. Asubuhi tuliachana mlangoni, jioni tulikutana kwenye sufuria moja. Alipika yeye, kwa kuwa makande yangu aliyaita adhabu.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamekwisha kufa na mahali pake vibanda vya kila namna vilikuwa vimeota. Redio za watu binafsi zilipiga muziki kutwa nzima. Wanaume walining'iniza simu za mkononi kwenye mikanda hata Nduruma, ambako ili upate mtandao ilibidi upande juu ya kichuguu na uombe Mungu. Usharika wetu nao ulikuwa na urafiki na usharika mmoja wa Ulaya, na wageni wa mwaka uliotangulia walituachia laptopu waliyoichoka. Ilifika ndani ya sanduku moja na masweta na penseli za rangi. Mchungaji aliiombea, mwenyekiti wa kwaya akapiga nayo picha, na akina mama wakaifumia vitambaa. Sisi watu wa huku hatuachi kitu cha thamani kikae uchi: redio ina kitambaa chake, makochi yana vya kwao, hata chupa ya chai huvalishwa. Vya laptopu vilifumwa na Mama Ndeshi kwa uzi mweupe mzito, vyenye maua ya waridi, kimoja cha kulalia na kingine cha kufunika.

Mashine yenyewe ilikuwa nzito kama tofali na ilijivuta kupita kiasi. Nikibonyeza kitufe asubuhi nilikuwa na nafasi ya kufagia ofisi, kumwagilia maua ya mchungaji, kubandika chai na wakati mwingine kuinywa, ndipo ikubali kunionyesha kitu. Ofisi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye harufu ya mishumaa na vitunguu, kwa sababu sadaka ya mazao ilihifadhiwa humo humo mpaka Jumapili. Dirishani siku ya anga safi niliuona mlima Meru wote mpaka kilele, na nilijifunza kuutazama sana, kwani kitu kingine cha kutazama wakati wa kuisubiri ile mashine hakikuwepo. Leo vijana wakiona duara linazunguka kidogo kwenye kioo wanasema kompyuta imekufa, wanataka nyingine. Huwa nawasikiliza tu.

Mwalimu Elirehema, aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya, ndiye aliyesikia kwamba kompyuta inaweza kurekodi nyimbo. Tulijaribu Jumamosi moja baada ya mazoezi. Tulichomeka maikrofoni, kwaya ikaimba ubeti na kiitikio, kisha tukasikiliza. Sauti zilirudi zikirukaruka, neno hili lipo, linalofuata limemezwa, na katikati ya kiitikio mashine ikaandika kwamba nafasi imejaa, ikaganda. Vijana wakaangua kicheko. Mwalimu alifunga kifuniko taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Wiki iliyofuata kamati ya kwaya ikakutana ofisini kwangu, na karani akikutana na kamati kazi yake ni kumimina chai na kutosikia. Mimi nilimimina na nikasikia yote. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mungure, mtu wa suti hata siku ya kazi, mwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kwaya yetu itoke mbele ya kwaya nyingine zote, na alipenda yeye atoke mbele ya kwaya.

"Nimeongea na watu wa studio Nairobi," alisema. "Chumba chao ni kidogo, wanachukua waimbaji kumi na wawili. Tuchague vijana wenye sauti laini. Na picha ya kaseti nayo inatazamwa, tusidanganyane."

"Na akina mama wa sauti ya pili?" Mwalimu Elirehema akauliza.

"Wataiombea safari. Mwalimu, hata Bwana Yesu alichukua kumi na wawili."

Mama Ndeshi alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono imelala mapajani, bado ina udongo wa shambani kwenye kucha. Alikuwa ameiongoza sauti ya pili tangu kwaya ilipoanzishwa. "Na mmoja wao akamwuza," akasema.

Chai ikampalia mwalimu. Mzee Mungure hakucheka. Alieleza kwa upole mwingi kwamba kaseti ni biashara siku hizi, kwamba watu wa mjini wanataka sauti changa, na kwamba akina mama wataendelea kuimba Jumapili kama kawaida. Upole ule ndio ulionichoma. Wanawake wale walitoka mashambani jua linazama, wakaimba na njaa, wakarudi nyumbani kupika. Walinilisha loshoro kila nilipochelewa kuondoka, na yeyote aliyewahi kula loshoro ya Mama Ndeshi, mahindi yamelainika na maziwa yamechachuka sawasawa, anajua kwamba nilikuwa na deni la tumbo kabla ya deni la haki. Sauti ya pili haisikiki sana ikiwepo, ila ikiondoka wimbo unabaki na mifupa. Sasa walikuwa wanafutwa kwenye kaseti ya kwaya yao wenyewe, huku wakiombwa wasali.

"Shikamooni wazee," nikajikuta nasema, birika mkononi. "Naomba nichangie. Tunaweza kurekodi hapa hapa kanisani, kwaya nzima, kwa laptopu ya usharika."

"Ile inayochukua asubuhi nzima kuamka?" Mzee Mungure akauliza.

"Itaamka."

"Nani ataiamsha?"

"Mimi," nikasema, nikaliweka birika mezani. Kamati ikakubaliana hivi: nina muda mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Ikishindikana, kumi na wawili wanakwenda Nairobi na mjadala umekwisha.

Jioni ile Zuhura alinisikiliza huku anachagua mchele kwenye sinia. Nilipomaliza aliniuliza kama nilikuwa na homa. Kisha akanieleza jambo ambalo nimelieleza kwa wengine maisha yangu yote, na sijapata maneno bora kuliko yake. "Memori ni meza ya jikoni," alisema. "Hadi diski ni stoo. Wewe una kimeza cha kuweka kikombe kimoja, na stoo imejaa magunia ya watu wa Ulaya. Halafu unataka upikie harusi. Wimbo ukija hauna pa kuwekwa, unaanguka chini vipande. Huhitaji mashine mpya, dada. Unahitaji meza kubwa na stoo kubwa."

"Vinawekwaje?"

"Kompyuta za mezani nimeona mafundi wakifungua. Laptopu hapana. Dukani kwetu hakuna aliyewahi."

"Basi tutakuwa wa kwanza."

"Wewe utakuwa wa kwanza," akasema. "Mimi nitashika tochi."

Vifaa vilihitaji fedha, na kwetu fedha ya namna hiyo hupatikana mnadani. Baada ya ibada watu husimama nje ya kanisa, mazao yaliyotolewa sadaka yanauzwa kwa kunadi, na mwenye moyo akishanunua anakirudisha kitu kile kile kiuzwe tena. Mama Ndeshi alileta jogoo mwekundu mwenye kiburi. Mwalimu Elirehema alimnadi: "Huyu jogoo ndiye memori ya laptopu! Nani anamtaka?" Akamnunua mama mmoja wa sauti ya pili, akamrudisha. Akamnunua mwingine, akamrudisha. Wanawake wote wa safu ile walimnunua na kumrudisha, mmoja baada ya mwingine, na kila akirudi shangwe zinapanda na jogoo anazidi kukasirika. Zuhura alikuwa amekuja kunisindikiza, amesimama pembeni na hijabu yake, akijitahidi kutojihusisha. Nikasikia sauti ninayoijua ikipaza bei. Umati ukageuka. "Asee, hata Waislamu wanaitaka kaseti!" mtu mmoja akapiga kelele, na vigelegele vilivyofuata vilisikika ng'ambo kwenye mashine ya kusaga. Zuhura akamrudisha jogoo kama wengine. Mzee Mungure alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anatazama. Mwishoni naye akamnunua, hakumrudisha, akaondoka naye kwapani. Fedha ikawa imetosha.

Tulikosea mara ya kwanza, na tulikosea kwa kujiamini. Zuhura alileta memori kutoka dukani kwao, ndefu kama rula, na tulipofungua mfuniko mdogo chini ya laptopu tukakuta nafasi yenyewe haizidi kidole. Tulitazamana. Ilikuwa memori ya kompyuta ya mezani. Bosi wake akakubali kuibadilisha na kutuagizia ile fupi, baada ya kumtania wiki nzima. Hadi diski ililetwa na mjomba wa Zuhura, mfanyabiashara wa mitumba wa njia ya Namanga, ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta la mtoto katikati ya robota. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Niliishika nikashangaa kwamba kwaya nzima ingelala humo, na beti zao zote, na bado nafasi ibaki.

Siku ya kazi nilimwomba mchungaji ruhusa, tukafunga mlango wa ofisi. Nilikuwa nimeshahamishia kwenye diski ndogo za flopi matangazo, ratiba za ibada na maneno ya nyimbo zote. Tulivua vitambaa vya Mama Ndeshi tukavikunja pembeni. Zuhura alinivua sweta langu la nailoni na kuniamuru nishike kwanza nondo za dirisha, ili umeme wa mwilini ushuke usije ukaua kifaa. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya mayai ya sadaka, kila moja kwenye shimo lake kwa mpangilio uleule niliozitolea. Nakumbuka ukimya. Nakumbuka harufu ya vumbi la nchi nyingine ndani ya ile mashine, na unywele mmoja wa dhahabu uliolala juu ya waya, wa mtu nisiyemjua aliyeitumia kabla yetu. Hadi diski ya zamani ilitoka kwa shida. Hii mpya iliingia vizuri kabisa. Memori niliingiza kwa pembe, nikaisukuma chini, ikalia tik. Nilidhani nimeivunja.

"Umevunja?" Zuhura akauliza.

"Sijui."

"Mlio ulikuwa wa kuvunjika au wa kuingia?"

"Zuhura, sijui!"

Ulikuwa wa kuingia. Tuliweka programu upya kwa CD tuliyoikuta chini kabisa ya lile sanduku la masweta, kazi iliyokula sehemu kubwa ya mchana. Kisha nikazima, nikabonyeza kitufe ili kuijaribu, na kwa mazoea yangu nikainuka kuchukua ufagio. Sijaushika, Zuhura akapiga ukelele. Mashine ilikuwa imeshaamka. Ilikuwa imekaa pale inanisubiri mimi. Nilirudi nikaizima nikaiwasha tena, kwa raha tu, kisha tena, na Zuhura akacheza mduara na ule ufagio mpaka mchungaji akagonga mlango kuuliza kama kuna tatizo. Nimepata furaha nyingi maishani, ikiwemo ya kuolewa, lakini furaha ya kitu ulichokirudisha mwenyewe kwenye uhai ina kiburi chake, na kwa hilo siombi msamaha.

Nafikiri mpaka leo kwamba pale ndipo nilipojifunza kazi yangu ya maisha. Baadaye nilihamia mji mwingine, nikafungua duka langu la ufundi, nikafundisha mabinti, nikazoea kuletewa mashine zilizokatiwa tamaa. Wateja huingia wakisema, "Mama, hii imekufa." Nami huwauliza: meza imejaa au stoo? Wengi huondoka nayo chini ya kwapa ikiwa nzima.

Jumamosi ya kuionyesha kamati, kabla shule hazijafungwa, tuliiweka laptopu kwenye meza ndogo mbele ya madhabahu. Kwaya ilijipanga. Mama Ndeshi alikuwa ameheshimu siku: vitambaa vyake alikuwa amevifua, akavitia wanga, akavipiga pasi. Alitandika kimoja chini, akailaza mashine juu yake kwa mikono miwili, na kingine akakizungusha ubavuni bila kugusa herufi. Ilipendeza. Mwalimu akainua mkono, wimbo ukaanza, nami nikautazama ule mstari wa sauti ukitambaa kwenye kioo bila kuruka hata mara moja. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Katika wa tatu kioo kikawa cheusi.

Tulianza upya. Safari hii haikufika hata ubeti wa pili.

"Basi, binti yangu," Mzee Mungure akasema, na alisema kwa huruma kweli. "Umejitahidi. Jumatatu nawapigia watu wa Nairobi." Vijana waliokuwa wamekwisha kujihesabu kwenye kumi na wawili waliinamisha nyuso kuficha tabasamu. Akina mama wa sauti ya pili wakaanza kukusanya khanga zao bila neno. Hawakulalamika, na hilo lilinivunja moyo kuliko kama wangelia. Machozi yalikuwa yameshafika. Nikaiinua laptopu ili niipeleke ofisini, nisilie mbele za watu, na nusura niiangushe: ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Nikaigeuza. Tumboni pale kuna matundu, na nyuma ya matundu kuna feni ndogo, na yote yalikuwa yamelala juu ya waridi nene lililotiwa wanga. Ubavuni pia kuna tundu la kutolea joto, na hilo lilikuwa limezibwa na waridi jingine. Ofisini tulipoijaribu ilikuwa haina nguo. "Zuhura," nikamwita, "njoo ushike hapa." Akashika, akarudisha mkono haraka, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. Wote wawili tukamtazama Mama Ndeshi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Semeni," Mama Ndeshi akasema.

"Mama," nikaanza, "kazi yako ni nzuri sana. Ila hii mashine inapumulia tumboni. Ikivikwa hivi inakosa hewa, na ikikosa hewa inajizima isiungue."

Kanisa zima likamtazama. Akakichukua kitambaa chake. "Kwa hiyo ni mimi ninayeinyonga," akasema.

"Tunainyonga wote, mama. Mimi ndiye fundi na sikuona."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea benchi, na safu yake yote ikaambukizwa. "Kama inataka hewa," akasema alipoweza, "tuiweke mahali ambapo hata nyama inapata hewa." Akavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha mchoma nyama, akarudi na wavu wa kuchomea, umesuguliwa kwa majivu. Tukauinua juu ya matofali mawili, tukailaza laptopu juu yake tumbo wazi.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba wimbo mmoja tu."

Mzee Mungure akatazama saa yake, kisha akatazama kwaya, ambayo sasa haikuwa na mtu wa kukusanya khanga. "Mmoja," akasema.

Ila ng'ambo, mashine yake ya kusaga ndiyo kwanza ilikuwa imewashwa. Jumamosi mchana ndiyo siku ya watu kusaga. Mngurumo ule uliingia kanisani mpaka madirisha yakatetemeka, na maikrofoni ingeumeza wote. Mwalimu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. "Wale ni wateja wangu," akasema. Mama Ndeshi hakubishana. Alitoka, sote tukamfuata mpaka mlangoni, akasimama mbele ya foleni ya wanawake na ndoo zao za mahindi. Mzee Mungure alimkimbilia na suti yake.

"Baba Naomi," Mama Ndeshi akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "zima."

"Mama Ndeshi, nitawaambia nini hawa?"

"Waulize wao."

Mwanamke wa mbele kabisa kwenye foleni akajitwika ndoo yake. "Zima tu, mzee," akasema. "Sisi tunakwenda kusikiliza." Na wakaja, foleni nzima, wakaketi kwenye mabenchi ya nyuma na mahindi yao miguuni. Mzee Mungure akabaki peke yake na mashine yake. Tukausikia mngurumo ukishuka, ukikohoa, ukikata. Aliporudi hakukaa mbele kwenye kiti cha mwenyekiti, alisimama karibu na mlango.

Wakaimba. Kaseti ile ilikuja kutoka kabla ya Krismasi, ikapigwa redioni, na mjini watu walinisimamisha kuniuliza ni studio gani ya Nairobi iliyotoa sauti nzito namna ile. Lakini nikiulizwa ushindi ulikuwa lini, nasema ulikuwa alasiri ile. Zuhura alikaa sakafuni na hedifoni masikioni, akininyooshea kidole gumba juu, nami nilikuwa na kiganja changu ubavuni mwa laptopu muda wote kupima joto. Ilikuwa vuguvugu tu. Ubeti wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Wimbo ukaisha, na hakuna aliyejikohoza, na mstari kwenye kioo ukalala. Nikauhifadhi. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi.

"Mwingine," Mzee Mungure akasema kutoka mlangoni.

Tulirekodi mwingine, na mwingine, mpaka jua likaingia kwa madirisha ya magharibi na nyimbo zote zikawa zimeisha, na stoo bado ilikuwa tupu kiasi kwamba ningeweza kuwarekodi na wenye ndoo. Hedifoni ilikuwa moja. Mzee Mungure akanyoosha mkono kuipokea, kama ilivyo haki ya mwenyekiti kusikia kwanza. Nilikuwa nimeshaipeleka kwa Mama Ndeshi. Nikalegeza kilemba chake, nikamvalisha, nikabonyeza.

Alikuwa ameimba katika kanisa lile tangu ujana wake na hakuwa amewahi kujisikia. Alisimama wima, macho yamefumbwa, mikono imekamata kingo za meza. Midomo ikaanza kucheza. Kisha akafumbua macho, na kwa kuwa masikio yalikuwa yamezibwa alipaza sauti kama aliye ng'ambo ya mto: "Huyu anayeimba chini huku, anayewabeba wote, ni nani?"

"Ni wewe, mama!" nikampigia kelele nami.

Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Mkono wa mwenyekiti bado ulikuwa umenyooshwa.

"Irudie, Anande," akasema. "Na mwenyekiti asubiri."

Mwenyekiti akasubiri.